Gari linaloonya kwa lugha ambayo dereva haielewi

Magari mengi yaliyokwisha kutumika na ambayo wanainchi wananunua huku mashariki mwa Kongo yametoka Japani. Mara nyingi skrini yake inaandika Kijapani, na ramani yake ni ya Japani. Redio nazo, nyingi zinashika FM kuanzia megahezi 76 na kuishia 90, wakati huku kwetu FM inafika 108. Dereva anayetaka habari za usalama wa barabara anakosa stesheni nyingi za mji wake.

Hili si jambo la starehe. Skrini hiyo ndiyo inaleta onyo la hitilafu na picha ya kamera ya nyuma. Mwaka wa 2021, Tesla iliita magari karibu 135,000 huko Marekani ili yatengenezwe: programu ilikuwa inaandika bila kupumzika katika kumbukumbu ya kompyuta, kumbukumbu ikachakaa, skrini ikazimika. Kasoro ya namna hiyo haionekani kwa jaribio la siku chache. Inatokea baada ya miaka, pengine gari likiwa kwa mwenyeji wa pili.

Kwa hiyo viwanda vijaribu programu kwa ajili ya huyo wa pili pia: lugha ya kuchagua, FM nzima. Wauzaji wabadilishe lugha mbele ya kutoa funguo. Nawe mnunuzi, kabla ya kulipa, washa skrini, tafuta stesheni yako, tia gia ya nyuma, uangalie kamera.