Binti Ataka Kazi ya Daftari

Jirani yangu hapa Mbugangari, mwanajeshi wa miaka mingi, alinijia jioni moja uso ameukunja. Binti yake amemaliza sekondari. Wazazi walikwisha kumwona, mioyoni mwao, amevaa vazi jeupe la uuguzi. Kumbe yeye ataka kusomea sera na uongozi wa afya.

"Mwalimu," akasema, "nimlipie karo akakae na makaratasi?"

"Afande, hiyo kadi ya matibabu uliyo nayo mfukoni ilitoka wapi?"

Kadi hiyo ni ya MMI, bima ya wanajeshi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 2005. Polisi nao wamo, pamoja na jamaa zao. Bima haianzi hospitalini. Sharti kwanza mtu akadirie mishahara, idadi ya watoto na bei ya dawa, la sivyo mfuko hukauka kabla ya mwaka kwisha.

Tena, mpenzi msomaji, watazame majirani wenye mituweli. Mwaka 1999 Wizara ya Afya haikuitandaza nchi nzima kwa pupa. Iliijaribu katika wilaya tatu za afya: Byumba, Kabgayi na Kabutare. Jamaa ya watu hadi 7 ililipa faranga 2,500 kwa mwaka, nao watafiti wakaandika nani amejiunga, nani amefika kituoni, na nani amebaki nyumbani na homa yake. Ilionekana kwamba wanachama walikwenda kutibiwa mara kadhaa zaidi kuliko wasio wanachama. Lakini mwaka wa kwanza wengi hawakujiunga, na hilo pia liliandikwa bila kuficha.

Baadaye ada ikawa faranga 1,000 kwa kila mtu. Mchuuzi wa ndizi na mwenye maduka wakalipa sawasawa! Mwaka 2011 ikagawanywa kwa hali ya kila nyumba: 2,000, 3,000 na 7,000, na walio maskini kabisa wakalipiwa. Kosa la namna ile daktari halisikii kifuani mwa mgonjwa. Huonekana daftarini tu.

Nikamtajia pia Dakta Agnes Binagwaho, daktari wa watoto aliyerejea Rwanda mwaka 1996. Aliongoza tume ya kupambana na UKIMWI tangu 2002, akawa Katibu Mkuu wa Wizara mwaka 2008, kisha Waziri tangu 2011 hadi 2016. Mwaka 2011 Rwanda ilianza kuwachanja wasichana dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, wengi wao wakiwa wa darasa la sita, kwa kuwa shuleni ndiko walikopatikana kwa wingi. Zaidi ya 90 katika kila 100 walifikiwa. Sisi walimu twajua maana ya kitabu cha mahudhurio.

Sikumficha jirani yangu mashaka ya kazi hii. Masomo ni marefu, nafasi za juu ziko Kigali, na ripoti ya miezi mingi yaweza kulala kabatini. Asiyependa hesabu, au anayeona haya kupiga hodi vijijini na kuuliza watu wamekula nini, asiijaribu. Wala si vibaya binti akaanza na uuguzi, kisha akaendelea mbele.

Afande alinyamaza kitambo, akaitoa ile kadi, akaigeuza nyuma na mbele.

"Hesabu zake si mbaya," akasema. "Kesho nitamtuma akuletee ripoti zake za shule."

Nikamwambia aje mwenyewe pia, na mama yake.