Kutangua si Kubatilisha



Juma lililopita, baada ya darsa ya akina mama ya Alasiri, mama mmoja kijana alibaki nyuma hadi wenzake walipokwisha kuondoka. Akatoa mkobani karatasi iliyokunjwa mara nne, akaniomba niisome. Ilikuwa hukumu ya Mahakama ya Kadhi. Mumewe aliondoka miaka kadhaa nyuma, hakuacha masurufu wala hakutuma habari. Naye alishitaki, na Kadhi, baada ya kusikiza mashahidi, akaandika kwamba ndoa imetanguliwa. Neno hilo la mwisho lilikuwa limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Aliyelipigia ni wifi yake, aliyemwambia mbele ya watu: "Ikiwa imetanguliwa, basi haikuwapo. Na mtoto huyo mtafutieni jina jingine."

"Shekhe," akaniuliza, "ni kweli asemavyo?"

Nilimjibu palepale, lakini nimeona niandike pia hapa, kwani si wifi huyu peke yake anayelifahamu neno hili kinyume.

Kiswahili kina vitenzi vingi vya namna hii: kufunga na kufungua, kukunja na kukunjua, kupanga na kupangua. Mama anayemfumua bintiye nywele usiku wa kuamkia kusukwa upya anajua maana yake vizuri kuliko mwanachuoni. Nywele hazifumuliwi ila zilikuwa zimesukwa. Kutangua, na nduguye kutengua, ni vya ukoo huo: ni kukiondoa kifungo kilichokuwapo. Jirani zetu wa Tanzania husoma magazetini kwamba uteuzi wa fulani umetenguliwa, na hakuna anayedhani kuwa fulani hakuwahi kuishika kazi ile. (Waandishi wawe waangalifu kidogo na "imetanguliwa", maana kutangua na kutangulia hukutana hapo, na msomaji mwenye haraka atauliza ndoa imetanguliwa na nini.)

Mfano ulio karibu zaidi tunao kila siku. Umetawadha, ukasali Magharibi, kisha upepo ukakutoka. Udhu umetanguka. Je, Magharibi yako imepotea? Haikupotea. Ilisaliwa kwa udhu sahihi na imekwisha kuandikwa. Unalohitaji ni udhu mwingine kwa ajili ya Isha. Lakini aliyesali, kisha akayakinisha kwamba hakuwa na udhu tangu mwanzo, huyo sala yake ni batili na sharti airudie. Kwa macho ya jirani wote wawili walisali Magharibi na wote sasa hawana udhu. Kwa sheria wametengana kama mbingu na ardhi. Na saumu nayo ina hukumu yake: anayekula kwa makusudi saa sita mchana hakubakiwa na nusu siku ya thawabu ya kufunga. Siku yote imebatilika, na kulipa ni wajibu.

Kwa Kiarabu, mambo yanayotangua udhu huitwa nawaqidh, na shina la neno hilo ndilo lililotumika katika Surat an-Nahl, aya ya 92, pale walipokatazwa waumini wasivunje viapo vyao, wakapigiwa mfano wa mwanamke aliyesokota uzi wake ukawa imara, kisha akaufumua vipande vipande. Uzi ulikuwapo, na ulikuwa na nguvu. Laiti usingekuwa imara, mfano usingekuwa na uchungu wowote.

Sasa tuje kwenye ndoa. Wanazuoni wetu wa madhehebu ya Shafi wanaita faskhi kile ambacho Kadhi amekiandika kuwa kutangua. Ndoa ya mama huyu ilifungwa kwa walii, mashahidi na ridhaa, ikawa sahihi kwa kila siku iliyodumu. Kadhi, ambaye Katiba ya 2010 katika kifungu cha 170 imempa madaraka juu ya ndoa, talaka na mirathi za Waislamu wanaoridhia kufika kwake, amekifungua kifungo kuanzia siku ya hukumu. Hakurudi nyuma kuifuta siku ya harusi. Mahari aliyopokea ni yake. Atakaa eda, twahara tatu, kwani aliishi na mume. Na mtoto ni wa baba yake kwa nasaba na kwa urithi.

Tena namwongezea wifi jambo. Hata ndoa iliyo batili kabisa, kama ya wawili waliooana bila kujua kwamba walinyonyeshwa na mama mmoja, hutenganishwa papo hapo, lakini mtoto aliyezaliwa kabla ya kujulikana hunasibishwa kwa baba yake. Ikiwa huyo hakupokonywa jina, huyu wa ndoa sahihi atapokonywa kwa hoja gani?

Upande wa wanaume kuna kosa la pili. Mume ametoa talaka moja, akamrejea mkewe ndani ya eda, kisha hujisifu barazani kwamba ameitangua ile talaka. Mwingine huichana karatasi yake mbele ya wazee. Hakuna kilichotanguka. Aliyerejea ni mke, na talaka imebaki katika hesabu, zimesalia mbili. Faskhi ni kinyume chake. Haihesabiwi talaka, wala haina rejea. Mume yule akizuka kesho kutoka alikokuwa, hana la kumwita nalo mke huyu nyumbani. Akimtaka, apeleke posa kama mgeni, kwa nikaha mpya na mahari mapya, na mama ana haki ya kukataa.

Wala mtu asichukue maneno haya akamshauri binti aliyetelekezwa kwamba kuhama nyumba kunatosha. Kuhama hakutangui kitu. Aende kwa Kadhi.

Mama yule aliikunja karatasi yake kama ilivyokuwa. Kisha akaniambia kwamba Jumatatu anampeleka mtoto kuandikishwa chuoni, na kwenye fomu pana mstari wa jina la baba. Ameuacha wazi tangu wiki ile. Nilimpa kalamu yangu. Aliandika jina lote, la baba na la babu, palepale juu ya jamvi.