Raga Afrika Mashariki: Kombe lipo, nauli ndiyo shida

Ukitoka Kibara, ukapita Bunda na kushika barabara ya Sirari, utavuka mpaka na kufika Kakamega, Kenya, kwa umbali mfupi kuliko wa kutoka Kibara hadi Dodoma. Na Kakamega ndiko wanakokaa wababe wa raga ya klabu katika ukanda wetu: Kabras Sugar. Wamebeba Kombe la Kenya mara nne mfululizo, kuanzia 2022 hadi 2025.

Mabingwa wako jirani kiasi hicho, lakini huku Mara mpira wa yai wengi tunauona kwenye simu tu. Kwa nini? Wengi watasema raga si mchezo wetu. Historia inasema vingine.

Kombe lilikuwa la wote

Mwaka 1928 mabaharia wa manowari ya Kiingereza, HMS Enterprise, walitoa kombe lishindaniwe na timu za raga za Afrika Mashariki. Ndilo Kombe la Enterprise, na bado lipo. Mwaka 1953 kikaundwa chama cha kanda nzima, RFUEA, kikiziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika.

Chama hicho kilikuwa na nguvu. Timu kubwa ya Uingereza na Ireland, Lions, ilipita Nairobi mwaka 1955 na kucheza na timu ya Afrika Mashariki. Wageni walishinda 39-12. Waliporudi mwaka 1962 kipigo kikawa kikubwa zaidi, 50-0.

Tusidanganyane hapa. Raga ya enzi hizo ilikuwa ya wakoloni. Waliocheza walikuwa maofisa, wakulima wakubwa na wafanyakazi wa kampuni, watu wenye magari na muda wa mapumziko. Mwafrika alikuwa nje ya uzio. Kwa hiyo uhuru ulipokuja na wengi wao wakaondoka, swali likawa nani atabaki na mchezo.

Kenya ilipotuacha

Kombe la Kenya, yaani ligi kuu ya klabu zao, lilianza 1970. Kilichoubadilisha mchezo ni kwamba watu wapya waliunda klabu zao. Mwaka 1977 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walianzisha Mean Machine, na msimu huohuo wakatwaa ubingwa. Mwaka huo pia ikazaliwa Mwamba, klabu ya Wakenya weusi waliochoka kuwa wageni kwenye klabu za watu wengine. Mwaka 1983 Mwamba nao wakawa mabingwa.

Yaani mchezo ulihama kutoka kwa wenye viwanja kwenda kwa vyuo, shule na waajiri. Benki ya KCB ikawa na timu, na ikatawala ligi kwa miaka kadhaa. Kisha kikaja kiwanda cha sukari cha West Kenya, kikaibeba Kabras. Mwaka 2016 Kabras wakachukua ubingwa wao wa kwanza, na kombe likatoka Nairobi kwenda kwenye mashamba ya miwa.

Tanzania raga haikufa. Dar es Salaam wapo Leopards, Arusha wapo Rhinos, na chama cha taifa kipo. Ila mchezo ulibaki kwa kiasi kikubwa kwenye miji yenye wageni wengi na shule za kimataifa. Mgeni akimaliza mkataba wake anaondoka, na timu inampoteza mchezaji, kocha na mchangiaji kwa mpigo.

Nauli ndiyo inayoua

Jaribio la kuturudisha wote kwenye meza moja lilifanyika. Mwaka 2003 yalianza mashindano ya Rugby Super Series, kwa udhamini wa kampuni ya saruji ya Bamburi. Timu zilitoka Kenya, Uganda na Tanzania, na yetu iliitwa Twigas. Wazo lilikuwa zuri, lakini lilitegemea mfadhili mmoja na safari ndefu. Baada ya miaka kadhaa likasimama. Kombe la Enterprise nalo siku hizi ni kama la klabu za Kenya tu.

Hesabu yake ni rahisi. Kikosi cha raga ya watu 15 kina wachezaji 23 ukijumlisha na wa akiba. Ongeza kocha, daktari na meneja. Hiyo ni karibu basi zima, na watu hao wanahitaji kula na kulala. Raga ni mchezo wa kugongana, huwezi kumshusha mtu kwenye basi la usiku asubuhi na mchana ukampeleka uwanjani. Klabu isiyo na mwajiri nyuma yake itacheza mechi mbili za ugenini, ya tatu itatoa udhuru.

Sisi wa Mara jambo hili tunalijua, maana limetukuta kwenye soka. Oktoba 2021 Biashara United ya Musoma iliwafunga Al Ahli Tripoli ya Libya 2-0 nyumbani, Kombe la Shirikisho Afrika. Mechi ya marudiano Biashara haikufika Libya. Ushindi ukapotea bila mpira kuguswa, na mwisho wa msimu huo timu ikashuka daraja. Wachezaji walikuwepo na uwezo ulionekana. Kilichokosekana ni safari.

Tufanye nini huku?

Kwanza, tuanze na raga ya watu saba. Mechi ni dakika saba kwa kipindi, vipindi viwili, na timu nyingi zinamalizana katika wikiendi moja kwenye uwanja mmoja. Ndiyo raga iliyoipa Kenya jina: Shujaa walitwaa Singapore Sevens mwaka 2016, na mwaka huohuo mchezo huo ukaingia Olimpiki ya Rio. Kila mwaka Kisumu huwa na mashindano ya Dala Sevens. Kwa timu ya kutoka Bunda au Musoma, hiyo ni safari ya siku moja kwa basi, tena hati ya dharura ya kusafiria inatosha mpakani.

Pili, shule. Raga imo kwenye michezo ya shule za sekondari za Afrika Mashariki, FEASSSA, na Wakenya na Waganda ndio wanaotamba. Mtoto wetu anayeijua soka, netiboli na riadha za UMISSETA tu hawezi kupambana na mwenzake wa Kakamega aliyeanza kushika mpira wa yai akiwa kidato cha kwanza.

Tatu, na ndilo gumu kuliko yote, ni mwajiri. Kakamega wana sukari. Mara kuna mgodi wa dhahabu wa North Mara, kuna viwanda vya samaki, kuna halmashauri zinazokusanya ushuru. Mfano upo hapahapa Kanda ya Ziwa: Geita Gold ilipanda Ligi Kuu ya soka kwa kubebwa na halmashauri na mgodi, ikamaliza nafasi ya nne msimu wa 2021/22. Lakini mwaka 2024 ikashuka. Somo ni kwamba pesa ya mfadhili mmoja inapandisha haraka, ila haikuhakikishii kubaki.

Ndiyo maana kuna jambo la nne ambalo RFUEA inatufundisha bila kusema. Chama hicho leo hakina sauti kama ya mwaka 1955, lakini uwanja wake uko palepale Barabara ya Ngong, Nairobi, na unabeba jina lake. Wafadhili wamekuja na kuondoka, vizazi vya wachezaji vimepita, uwanja umebaki. Mara tuna shule nyingi zenye viwanja vipana vya nyasi. Kupaka mistari na kusimamisha nguzo nne za mti kunagharimu kidogo kuliko safari moja ya Dar es Salaam.

Kwa hiyo siku ukisikia mtu anatangaza timu ya raga Mara, usiulize kwanza jezi zitakuwa za rangi gani. Uliza itafanya mazoezi wapi, na nani amesaini kulipa basi la mechi ya tatu ya ugenini. Akiwa na majibu ya hayo mawili, mpe kijana wako aende.