Mnauziwa Vitufe

Matangazo ya vyuo vya animesheni hapa Nairobi yanafanana kama mapacha. Roboti linang'aa, kijana amevaa hedifoni, halafu ahadi kwamba baada ya muda mfupi utakuwa unaunda filamu kama za Marekani. Ada haitajwi mpaka upige simu. Ukipiga, utaelewa kwa nini.

Sasa, wasee, hizo pesa za mzazi zinanunua nini hasa? Mara nyingi ni vitufe. Bonyeza hapa, vuta pale, fuata anachofanya mwalimu ukutani. Kozi ikiisha, darasa zima lina roboti moja, tofauti ni rangi tu. Hayo mafunzo yako YouTube, bure, na unaweza kuyarudisha nyuma mara kumi bila mtu kukukasirikia.

Halafu kuna suala la programu. Wengi hufunzwa Maya, ambayo mwanafunzi huitumia bila malipo maadamu bado ni mwanafunzi. Ukishahitimu, bei yake ya kawaida kwa mwaka inapita laki mbili za Kenya. Nani analipa hiyo akiwa kwa bedsitter Rongai? Anatafuta ya wizi, na virusi vyake. Chuo kimemfunza kuendesha gari kisha kikabaki na funguo.

Na Blender iko, bure, msimbo wake wazi tangu 2002. Flow, ile filamu ya paka kutoka Latvia, iliundwa kwa Blender, na mwaka wa 2025 ikashinda Oscar ya filamu bora ya animesheni mbele ya Inside Out 2 ya Pixar. (Tusidanganyane: Gints Zilbalodis na wenzake walikuwa na bajeti ya mamilioni ya euro. Lakini programu haikuwala hata senti.)

Wenye vyuo watasema soko linataka watu wanaojua programu. Sawa. Ila programu hubadilika, na jicho lisilofunzwa hubaki vilevile. Simama Muthurwa umtazame jamaa wa mkokoteni uliojaa viazi. Kabla gurudumu kusonga, mwili wake unashuka kwanza, kisigino kinatafuta pa kushika, shingo inakaza. Frank Thomas na Ollie Johnston, wakongwe wa Disney, waliandika kuhusu mambo haya katika kitabu chao cha 1981, kanuni 12, na hakuna hata moja inayohitaji kompyuta. Sekunde moja ya filamu kwa kawaida ni fremu 24. Mwenye hajawahi kumwangalia huyo jamaa atakupa fremu 24 za mwanasesere anayeelea.

Ng'endo Mukii alitoa Yellow Fever mwaka wa 2012, kuhusu wanawake na kujichubua ngozi, akichanganya michoro na miili halisi inayocheza. Baadaye akaongoza Enkai kwenye Kizazi Moto ya Disney+, 2023. Nani amewahi kumaliza kutazama kazi yake akauliza ni programu gani? Ana kitu cha kusema, na mkono unaoweza kukisema.

Kwa hivyo kabla ada haijatumwa, ombeni kuona daftari za michoro za wanafunzi wa mwaka jana. Mkipelekwa kwenye chumba cha kompyuta badala yake, na kuambiwa zina kasi namna gani, chukueni mat mrudi nyumbani na hizo doo.