Ndege ya nyaya haimfichii mtu kosa lake

Siku hizi mtu anaweza kununua droni asubuhi na kuirusha kabla ya chakula cha mchana. Ndani ya chombo hicho mna vihisi vya mwendo, kipokezi cha setilaiti na kompyuta ndogo inayosahihisha kila mtikisiko kabla mrushaji hajauona. Akiachia vidole, droni inasimama palepale hewani ikimngoja. Huo ni uhandisi wa hali ya juu, na wapiga picha, wapima ardhi na wakulima wananufaika nao. Lakini kama tunauliza ni chombo gani kinachomfundisha kijana namna ndege inavyoruka, jibu langu liko katika mchezo mkongwe zaidi, ambao wapenzi wake huko Marekani na Ulaya wanaurudia kwa ari mpya: kuunda na kurusha ndege ndogo zinazoongozwa kwa nyaya mbili za chuma. Mchezo huu unastahili kurudi, na unastahili nafasi katika shule na vyuo vyetu vya ufundi, kwa sababu moja kubwa. Ndege ya nyaya haina mahali pa kuficha kosa la fundi wala la rubani.

Mfumo wake unaeleweka upesi. Rubani anasimama katikati ya duara, ameshika mpini. Kwenye mpini zimefungwa nyaya mbili nyembamba, kwa kawaida zenye urefu wa mita 15 hadi 21, zinazoingia ndege kupitia ncha ya bawa la kushoto. Humo ndani zinashika wenzo mdogo, na wenzo huo unasukuma au kuvuta kijiti kinachofika hadi kwenye kibao cha mkia. Rubani akiinua kiganja, kibao kinapinda juu na pua ya ndege inapanda; akikiinamisha, ndege inashuka. Hakuna redio wala mawimbi kati ya mkono na mkia. Huko Oregon, Marekani, Oba St. Clair alirusha ndege ya aina hii mwaka 1936. Jim Walker, wa Portland katika jimbo hilohilo, ndiye aliyeieneza kibiashara kwa ndege yake iitwayo Fireball, akapata hataza mwaka 1942. Watu walikusanyika kumtazama akirusha ndege tatu kwa pamoja, moja kwa kila mkono na ya tatu ikiongozwa kwa kichwa. Baadaye Walker alimshtaki mtengenezaji mwenzake, Leroy Cox, na katika kesi hiyo ya mwaka 1955 ushahidi wa kazi ya St. Clair ukaiangusha hataza. Kisa hicho kina maana kwa hoja yangu. Hili ni wazo ambalo mtu mmoja mwenye karakana ndogo aliweza kulibuni, kulitengeneza na kulithibitisha kwa mikono yake, na hadi leo mtu wa kawaida anaweza kulielewa lote, kuanzia mpini hadi mkiani.

Kufifia kwake hakukutokana na ubovu. Katika miaka ya 1940 na 1950 redio za kuongozea ndege ndogo zilikuwa nzito, ghali na za kubahatisha, hivyo nyaya zikawa njia ya uhakika. Transista ilipopunguza uzito na bei ya redio, warushaji wengi walihamia huko. Injini nazo ziliwachosha majirani. Zilitumia mchanganyiko wa methanoli, nitromethani na mafuta ya nyonyo, zikapiga kelele na kurusha mafuta kila upande, mpaka viwanja vya mijini vikafungwa mbele yao kimoja baada ya kingine. Sasa mambo yamegeuka. Mota ya umeme na betri ya lithiamu vinairusha ndege kwa sauti ndogo, na kidude cha kuhesabu muda kinazima mota baada ya dakika tano au sita ili rubani atue. Wakati huohuo sheria za vyombo vya redio zimebana. Tangu mwaka 2023 Marekani inazitaka droni nyingi zitangaze utambulisho wao zikiwa hewani, nasi Kenya na Tanzania tunajua ugumu wa vibali vya droni. Ndege iliyofungwa kwa nyaya za mita 20 haiwezi kupotelea mjini wala kuvuka njia ya ndege za abiria. Sababu zilizouondoa mchezo huu viwanjani zimepungua, na mafunzo yake yanahitajika zaidi kuliko zamani.

Tazama kinachotokea ndege inapozunguka. Chukua ndege ya sarakasi yenye uzito wa kilo moja na nusu, inayoruka karibu kilomita 88 kwa saa kwenye nyaya za mita 20. Inamaliza duara moja kwa sekunde tano na kidogo, na mkono wa rubani unapokea mvuto wa zaidi ya kilo nne. Mvuto huo ndio unaobeba uongozi wote. Ukipotea, nyaya zinalegea na rubani hana ndege tena. Kwa hiyo kila sehemu ya ndege hupangwa kuulinda. Nyaya zenyewe zina uzito unaolivuta chini bawa la ndani, ndiyo maana ncha ya bawa la nje hubandikwa kipande kidogo cha risasi. Bawa likiwa na upana wa mita 1.4 kutoka ncha hadi ncha, ncha ya nje huenda kwa kasi inayozidi ile ya ndani kwa karibu asilimia 7, na kwa kuwa nguvu ya kuinua hukua kwa mraba wa kasi, tofauti ya uinuaji hapo nchani hukaribia asilimia 15. Mafundi wengi hujibu tatizo hilo kwa kulirefusha kidogo bawa la ndani. Mahali nyaya zinapotokea husogezwa nyuma kidogo ili pua ielekee nje ya duara. Kitovu cha uzito kikirudi nyuma mno, ndege inakuwa na wazimu mkononi. Kikienda mbele mno, inagoma kupinda. Kijana anayesoma mwendo wa duara katika fizikia ya sekondari hapa anaukuta ukimvuta bega. Akikosea hesabu, hatangoja mtihani wa muhula kuambiwa. Kiganja chake kitamwambia katika duara la kwanza.

Hapo ndipo tofauti na droni inapodhihirika. Bawa lililojikunja kwa gundi iliyokauka vibaya halina programu ya kulisaidia. Ndege itaegemea upande mmoja kila ikiruka, mpaka fundi arudi mezani, atafute kasoro na kuiondoa. Kazi ya kutafuta inamlazimu kufikiri kwa mpangilio: abadilishe jambo moja tu, arushe, alinganishe, aandike. Huo ndio utaratibu wa maabara, na watoto wengi wanausoma vitabuni bila kuupitia. Kanuni za mashindano ya sarakasi ya Marekani zilitambua thamani hii mapema. Kwa miongo mingi rubani alitakiwa awe ndiye aliyeiunda ndege anayoshindania, na waamuzi waliipa alama kwa ubora wa kazi ya mikono kabla haijaacha ardhi. Angani nako hakuna huruma. Ratiba ya kimataifa ya sarakasi inampa rubani dakika saba za kuchora hewani miviringo, miraba, pembetatu na nane, na sehemu ya chini ya michoro mingi inapaswa kuwa mita 1.5 tu juu ya ardhi. Rubani aliyechelewa nusu sekunde anarudi nyumbani na mfuko wa vipande.

Wapo watakaosema kuwa chombo kinachozunguka mahali pamoja kinachosha, na kwamba wanaourudia mchezo huu ni wazee wanaotamani ujana wao. Sehemu ya pili ina ukweli, kwa kuwa wengi wa wanaofufua karakana zao Marekani na Ulaya walianza utotoni. Lakini chanzo cha mapenzi ya mtu hakiamui thamani ya kitu anachokipenda. Kuhusu kuchosha, ndege ya nyaya inaweza kwenda popote juu ya nusu tufe, kuanzia nyasi hadi juu ya kichwa cha rubani, wima, kifudifudi na chali. Katika mbio za timu, marubani watatu wanazunguka ndani ya duara moja, ndege zao zikikimbia mizunguko 100, ambayo ni kilomita 10, huku makanika wakizidaka zinapotua, kuzijaza mafuta na kuziachia tena kwa sekunde chache. Katika pambano, wawili wanawindana ili kukata utepe wa karatasi unaoburutwa na ndege ya mwenzake. Katika shindano la kasi, injini ya sentimita 2.5 za ujazo inaipeleka ndege karibu kilomita 300 kwa saa. Kizunguzungu ambacho wengi hukihofia hupungua kwa mazoezi, kwa kuwa rubani hutazama ndege yake na si mandhari inayopita nyuma yake. Watoto wa Pwani wanaorusha tiara hawajawahi kuona uzi kama kifungo. Kwa uzi huo wanausoma upepo, na rubani wa nyaya vilevile huisoma ndege yake kupitia mkono.

Pingamizi zito zaidi linahusu ajira. Soko linataka warusha droni na waandishi wa programu, kwa hiyo kwa nini shule ipoteze saa kwenye mbao na gundi? Naliheshimu swali hili, maana mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza matunda yake. Lakini anayejua kubonyeza vitufe tu ni mtumiaji, na watumiaji hubadilishwa kwa urahisi kila teknolojia inapopiga hatua. Nchi inayotaka kuunda, kurekebisha na kukagua vyombo vya angani inahitaji watu wanaojua kwa nini bawa linainua, kwa nini kiungo kinavunjika na kwa nini gramu 20 mkiani zinaweza kuangusha chombo kizima. Maarifa hayo hayapingani na droni. Anayeyapata kwanza ataielewa droni vizuri zaidi, kwa sababu atajua ni kosa gani ambalo kompyuta yake inalisahihisha kimyakimya.

Gharama na usalama navyo vinahitaji majibu ya kweli. Mbao ya balsa, inayosifika kwa wepesi, hutoka zaidi Ecuador, na bei yake ilipanda sana mwaka 2020 viwanda vya mapanga ya mitambo ya upepo vilipoigombania. Hata hivyo mchezo haukuzaliwa kwa mbao moja. Waundaji wa Umoja wa Kisovyeti, waliokuwa na uhaba wa balsa, walitumia misonobari, plaiwudi na sponji ngumu, na nchi hiyo ilitoa mabingwa wa dunia. Ndege ya kujifunzia inaweza kuwa na bawa la ubao bapa usio na ubavu hata mmoja, mwili wa kipande kimoja cha mbao na mota ndogo ya umeme. Haina redio ya kununuliwa wala kipokezi. Hatari zipo na hazifai kudharauliwa. Nyaya ni za chuma, kwa hiyo ni marufuku kurusha karibu na nyaya za umeme au mvua ya radi inapokaribia. Mpini hufungwa kwa mkanda kwenye kifundo cha mkono, watazamaji hukaa nje ya duara, na kabla ya shindano la sarakasi ndege na nyaya hujaribiwa kwa mvuto wa mara 10 ya uzito wa ndege yenyewe. Kanuni hizo ni chache, zinaonekana kwa macho, na mwalimu mmoja anaweza kuzisimamia.

Kwa hiyo pendekezo langu ni dogo na linatekelezeka. Vikundi vya sayansi vya sekondari na vyuo vya ufundi vichague ndege moja ya umeme yenye bawa bapa, viiunde kwa vifaa vinavyopatikana sokoni, na vimkutanishe mwalimu wa fizikia na fundi seremala mbele ya meza moja. Viulize kwanza mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi husika kama kibali kinahitajika, kisha vitumie uwanja wa mpira, ambao upana wake unatosha kwa duara la nyaya za mita 15 na nafasi ya usalama kuzunguka. Wanafunzi wapewe alama kwa daftari la marekebisho waliyofanya kati ya mruko mmoja na mwingine, hata kama ndege yao ilianguka mara kadhaa. Tumezoea kupima teknolojia kwa wingi wa kazi inazotufanyia. Elimu inahitaji kipimo kingine, nacho ni wingi wa mambo ambayo chombo kinamlazimisha mwanafunzi kuyaelewa. Kwa kipimo hicho, ndege ndogo ya mbao yenye nyaya mbili inaishinda mashine ya bei kubwa inayojirusha yenyewe, na shule itakayoijaribu itapata mafundi.