Mbwa na paka pia huumwa na meno

KATIKA matumizi ya kila siku ya Kiswahili, jina la mbwa ni tusi. Anayetaka kumdunisha mwenzake humwita mbwa, na anayerandaranda bila makao huitwa mbwa koko. Haishangazi basi kwamba mnyama huyu, licha ya kutulinda usiku kucha, kila uchafu alio nao huchukuliwa kuwa maumbile yake. Akinuka kinywa husemwa, "Ndivyo walivyo mbwa." Naipinga kauli hiyo kwa sababu si ya kweli, na kwa sababu iliwahi kunifanya nimdhulumu mtoto wa watu.

Miaka kadhaa iliyopita mbwa wangu alivimba shavu, chini kidogo ya jicho. Kinywa chake kilikuwa kikinuka kwa muda mrefu, lakini sikujali. Nilikata shauri papo hapo kwamba amepigwa jiwe, na mshukiwa wangu akawa mwana wa jirani, mwanafunzi wa darasa la sita aliyezoea kupita langoni akitoka shuleni. Mtoto alikana, nami sikumsadiki. Babake alimwadhibu.

Siku mbili baadaye daktari wa mifugo alimfungua mbwa kinywa akanionyesha gego la juu lililopasuka, usaha umejaa mizizini. Mizizi ya gego hilo hufika karibu na jicho, ndiyo maana uvimbe hutokea hapo. Lilikuwa limepasuliwa na mfupa mgumu wa ng'ombe niliompa kwa mkono wangu mwenyewe, nikiamini kwamba mifupa husafisha meno. Ilinibidi niende kwa jirani kuomba radhi, kwa baba na kwa mwana.

Mbwa aliyekomaa ana meno 42, naye paka ana 30. Meno ya utotoni, 28 kwa mbwa na 26 kwa paka, hung'oka na kuyapisha ya kudumu kabla mnyama hajatimiza takriban miezi saba. Kutoboka kwa meno, ambako hutusumbua sana sisi binadamu, si tatizo kubwa kwao. Maradhi yao aghalabu huanzia kwenye ufizi. Ukoga laini hutanda juu ya meno kila siku. Usipoondolewa, madini yaliyomo katika mate huugandisha kwa siku chache tu ukawa mgumu kama jiwe, wenye rangi ya manjano au ya kahawia. Bakteria hupenya chini ya ufizi, ufizi ukavimba na kutoa damu, mfupa unaoshikilia jino ukalika, na hatimaye jino likalegea. Mbwa wengi huwa na dalili hizi wakiwa na umri wa miaka mitatu tu. Harufu tunayoiita maumbile aghalabu ni harufu ya maradhi hayo.

Mnyama hana ulimi wa kusema anaumwa. Isitoshe, huendelea kula kwa kuwa njaa huushinda uchungu. Mwenye kumtazama kwa makini, hata hivyo, humwona akitafuna upande mmoja, akiangusha chakula, akitokwa na mate au akikwaruza mdomo kwa ukucha. Paka huweza kuikimbilia sahani kisha akaiacha ghafla.

Yamkini msomaji atauliza: watoto wetu wenyewe hawana miswaki ya kutosha, vipi tuzungumzie meno ya mbwa? Jibu ni kwamba kinga yenyewe haihitaji fedha nyingi. Mswaki laini wa mtoto, au kitambaa safi kilichozungushwa kidoleni, pamoja na maji, vyatosha kuanzia. Husuguliwa upande wa nje wa meno, pale yanapokutana na ufizi, kila siku ikiwezekana. Mnyama azoeshwe angali mdogo. Dawa yetu ya meno isitumike kamwe, kwa maana mbwa hatemi bali humeza, na baadhi ya dawa hizo zina zailitoli, kiongeza utamu kinachoweza kumuua. Ukoga ukishakuwa jiwe, mswaki hauuondoi tena. Hapo sharti daktari amtie mnyama nusukaputi ndipo amsafishe hadi chini ya ufizi, na gharama yake si haba. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Lipo onyo moja ambalo kila mwalimu alitilie mkazo. Mtoto asitie mkono katika kinywa cha mbwa asiyemjua au asiyechanjwa. Mbwa ambaye taya limelegea na mate yanamtiririka huenda hana jino bovu wala mfupa uliokwama, bali ana kichaa cha mbwa. Huyo asiguswe, na afisa wa mifugo aarifiwe mara moja.

Walimu wa sayansi hufundisha aina za meno na kumtaja mbwa kuwa mfano wa mnyama mla nyama mwenye chonge ndefu. Nawasihi waongeze hatua moja, wafundishe jinsi meno hayo yanavyougua. Walimu wa Kiswahili nao wana sehemu yao. Wanafunzi wangu wa chuo kikuu hushikwa na kigugumizi wakitakiwa kuyaeleza maradhi haya kwa Kiswahili, ilhali maneno ukoga, ufizi na chonge tunayo tangu kale. Insha moja tu kuhusu afya ya mnyama wa nyumbani ingeyafufua.

Lau ningalijua haya mapema, mbwa wangu asingaling'olewa gego lake, na mtoto asiye na hatia asingaliadhibiwa. Wahenga walinena kwamba jino la pembe si dawa ya pengo. Leo jioni mfungue mbwa wako mdomo umtazame, mradi amechanjwa na anakujua.