Mwacheni Mtoto Acheze Michezo Yote

Wapo wazazi walioshika imani kwamba mtoto asipochaguliwa mchezo mmoja akiwa na miaka saba, kashachelewa. Wanamwandikisha akademi ya soka, wanamkataza kuogelea, wanamkataza riadha, na ukiwauliza wanakujibu: samaki mkunje angali mbichi. Methali hiyo ni ya adabu na malezi. Goti la mtoto halikunjwi hivyo.

Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliushika mpira wa kikapu akiwa na miaka kama 15. Mwaka 2009 akachaguliwa wa pili kwenye drafti ya NBA. Mtasema ni urefu. Haya, mtazameni Ferdinand Omanyala wa Kenya: alikuwa mcheza raga kabla ya kuhamia riadha, na Septemba 2021, pale Kasarani, akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77, rekodi ya Afrika. Mnamtaja Tiger Woods, aliyeshika fimbo ya gofu angali mchanga kabisa. Ni kweli. Ila waliolelewa kama yeye wakaishia kuuchukia mchezo, nani anawahesabu?

Mifupa ya mtoto inayorefuka ni laini kwenye ncha zake. Akipiga mpira na kuruka vilevile wiki hadi wiki, msuli wa paja unavuta pale pale, chini kidogo ya pia ya goti, mpaka panavimba na kushuka ngazi kunakuwa taabu. Mwaka 2016 chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilishauri mtoto asifungwe kwenye mchezo mmoja mpaka afike miaka 15 au 16.

Na sisi tunayo rede! Mtoto yuko katikati, wawili wanamlenga kwa mpira huku na huku, naye anainama kujaza mchanga kwenye chupa, jicho halibanduki kwa mrushaji. Hapo anajifunza kukwepa, kugeuka ghafla na kuusoma mkono wa mpinzani kabla mpira haujatoka. Hakuna anayemfokea, na kesho atarudi mwenyewe bila kuitwa.

Kocha akikwambia umzuie mwanao wa miaka tisa asikimbie mashindano ya shule ili asiharibu soka lake, mtoe mtoto pale. Kocha huyo anawaza kombe la Jumamosi hii. Miaka 20 ijayo ya mwanao haimhusu.